Ufunguo Usiofungua: Uhakiki wa Lugha ya Famakolojia na Biolojia ya Seli katika Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki istilahi za Kiswahili zinazotumika kueleza misingi ya famakolojia na biolojia ya seli. Hoja yake kuu ni kwamba istilahi hizo zimezoeleka kupimwa moja moja, kama maneno ya orodha, ilhali nguvu na udhaifu wake hujitokeza pale zinapobebeshwa sentensi za darasani na za dirisha la dawa. Maneno yanayochambuliwa ni pamoja na dawa, maudhi, ukuta, utando, kimeng’enya, kipokezi, dozi, kutwa na usugu. Uchambuzi unaonesha kwamba baadhi ya istilahi angavu hufundisha kosa ambalo neno la mkopo lisingelifundisha, na kwamba mnyambuliko wa vitenzi vya Kiswahili una uwezo wa kutenganisha dhana ambazo orodha za nomino zimeziacha zikiwa zimechanganyika.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa famasia katika chuo kikuu nchini Tanzania huhama lugha moja, kisha hulazimika kuirudia. Wengi wao husoma Sayansi ya shule ya msingi kwa Kiswahili, huhamia Kiingereza wanapoingia sekondari, na hubaki humo hadi wanapohitimu. Siku wanaposimama katika dirisha la dawa, yote waliyojifunza kuhusu vipokezi, vimeng’enya na kasi ya dawa kutoka mwilini huwapasa kuyasema kwa Kiswahili, kwa dakika mbili tatu, mbele ya mgonjwa ambaye naye ana elimu yake kuhusu dawa. Hapo istilahi hupata mtihani mgumu kuliko ule wa kikao cha usanifishaji.

Kazi ya kuunda istilahi haikusubiri. BAKITA, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, lilianza kutoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu katika miaka ya 1970. TUKI ilichapa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990 na Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Uhakiki wa kazi za aina hii umeegemea vigezo vinavyofahamika: usahihi, ufupi, uzalishi, uangavu, ukubalifu na vinginevyo vilivyokusanywa katika kifupisho cha PEGITOSCA. Vigezo hivyo vina manufaa, lakini karibu vyote hulitazama neno likiwa limesimama peke yake. Nyuma yake kuna mtazamo wa Eugen Wüster, unaochukulia kwamba dhana hutangulia ikiwa kamili na yenye mipaka, kisha hutafutiwa jina. Rita Temmerman (2000), akitumia mifano ya sayansi za uhai, ameonesha kwamba mara nyingi mambo hayaendi hivyo. Naye Richard Boyd (1979) alikuwa amekwisha kudai kwamba zipo sitiari ambazo ni sehemu ya nadharia yenyewe, wala si pambo la kuifafanulia wanafunzi.

Katika famakolojia hoja ya Boyd ina mashiko ya pekee. Somo zima la utendaji wa dawa limejengwa juu ya picha: mlango, kufuli, mjumbe, ukuta, mapambano. Picha hizo zikihamia Kiswahili haziingii mahali patupu. Huingia katika mtandao mwingine wa vitenzi, viambishi na mazoea ya kusema, na humo baadhi hupotoka na baadhi hunufaika.

2.0 Dawa, sumu, maudhi

Neno la kwanza la somo ndilo gumu kuliko yote. “Dawa”, lililotoka katika Kiarabu, lina upana ambao hakuna kamusi ya tiba inayoweza kuuzuia. Ipo dawa ya kikohozi, dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu. Na methali husema kwamba dawa ya moto ni moto. Kinachounganisha matumizi haya ni kwamba dawa ni kitu kinachotenda juu ya kingine kwa kusudi la mtu. Kwa hiyo nomino hii hudai kijalizo: dawa ya nini? Na kihusishi “ya” kinachofuata hakisemi kama dawa inalinda au inaangamiza. Dawa ya meno huyatunza meno. Dawa ya mbu haimtunzi mbu. Msemaji wa Kiswahili huelewa tofauti hiyo kwa kuujua ulimwengu, wala sarufi haimsaidii.

Famakolojia inataka jambo jingine. Kwake, dawa ni kemikali inayobadili utendaji wa kiumbe hai, iwe kwa faida au kwa hasara, na kinachoamua mara nyingi ni kiasi. Paracelsus aliliandika wazo hilo mwaka 1538, na bado ndilo hufungua vitabu vingi vya utangulizi. Kiswahili kina mfano wake tayari, ambao walimu wangefanya vyema kuutumia. Kile kiuzwacho sokoni kwa ajili ya panya huitwa na muuzaji mmoja “dawa ya panya” na mwingine “sumu ya panya”, na mnunuzi hasumbuki. Warfarini iliingia sokoni mwaka 1948 kama kiuapanya, na mwaka 1954 ikaidhinishwa kutumiwa na binadamu ili kuzuia damu kuganda. Molekuli ni ileile na kitendo chake katika ini ni kilekile, yaani kuizuia vitamini K isirejeshwe katika hali yake ya kazi. Tofauti iko katika kiasi na katika kupimwa damu mara kwa mara. Upana wa “dawa”, ambao mwanaistilahi angetaka kuupunguza, unasema hapa jambo ambalo istilahi finyu ingelificha.

Upungufu halisi uko kwingine. Famakolojia huhitaji neno lisiloegemea upande kwa kile ambacho dawa huufanyia mwili. “Athari” lingefaa kwa asili yake, lakini katika matumizi ya leo limeelemea ubaya: athari za mafuriko, athari za ukame. Mwalimu asemaye “athari ya salbutamoli katika mapafu” anataka kusema kwamba njia za hewa hupanuka. Msikilizaji anajiandaa kusikia habari ya kuumia. “Matokeo” ni pana mno, na “utendaji” humwelekea mtenda badala ya kile kilichotokea kwa mtendwa.

Ajabu ni kwamba upande wa ubaya, ambao vitabu huutaja kwa neno moja, umegawanywa vizuri na wahudumu wenyewe. Katika kliniki za uzazi wa mpango nchini Tanzania husikika “maudhi madogo madogo”: kichefuchefu, kuumwa kichwa, damu kutoka bila mpangilio. “Madhara” huachiwa yale yanayodhuru kweli. Maudhi hutoka katika kuudhi na madhara katika kudhuru. Moja linasumbua, jingine linaumiza. Mpaka huu si wa kitaalamu pekee. Ni ahadi anayopewa mtumiaji kwamba jambo litamkera lakini halitamwangamiza, na kwa hiyo asiache dawa. Ndipo ulipo udhaifu wake pia, kwa kuwa anayeamua kipi ni maudhi huwa ni mhudumu, wakati anayetokwa na damu kwa wiki tatu ni mwingine.

3.0 Ukuta na utando

Robert Hooke alipolitazama gome la mti kwa hadubini na kuchapa maelezo yake mwaka 1665, aliviita vijumba alivyoviona kwa neno la Kilatini lenye maana ya chumba kidogo. Kiswahili kimelipokea neno hilo kama “seli”, nalo kwa msemaji wa kawaida halina chumba ndani yake, isipokuwa kwa aliyewahi kusikia seli za mahabusu. Mshindani wake, “chembe” au “chembe hai”, lina faida ya kueleweka, lakini limechoka kwa kazi nyingi: chembe ya mchanga, chembe za urithi, chembe nyeupe za damu, chembe za atomu. Neno linalotaja kitu kidogo chochote haliwezi kutaja kizio cha uhai. Kwamba seli imeshinda linathibitishwa na “selimundu”, ambapo mkopo umeunganishwa na zana ya shambani na kuzaa jina la ugonjwa ambalo mtu huliona kwa jicho la akili mara alisikiapo. Ni vigumu kutaja istilahi ya tiba iliyoundwa kwa ustadi kuliko hiyo.

Jozi ya ukuta na utando inastahili kutazamwa zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya tiba ya maambukizi inaning’inia juu yake. Bakteria wengi wana ukuta nje ya utando. Seli ya binadamu ina utando tu. Penisilini huzuia ujenzi wa ukuta huo, ndiyo maana inaweza kumpasua bakteria bila kuigusa seli ya mgonjwa. Mwanafunzi aliyezielewa nomino hizi mbili ameelewa kanuni ya sumu teule bila kuhitaji fomula. Kiswahili kinamsaidia: ukuta hujengwa, huwa mgumu, hubomolewa, utando hutanda, kama ule wa juu ya uji uliopoa au maziwa yaliyochemka. Ulaini wa utando wa uji unakaribiana kwa namna ya kushangaza na kielelezo cha Singer na Nicolson cha mwaka 1972, kinachouona utando wa seli kama tabaka la majimaji ambamo protini huelea.

Neno “kiwambo” limewahi kushindana na utando, nalo lina heshima ya kuwa la kale. Lakini kiwambo huwambwa. Ni ngozi iliyovutwa na kukazwa, kama ya ngoma au ya ndani ya sikio. Hutetemeka bali haipitishi kitu wala haijiungi upya ikitobolewa. Anayejifunza kwa kiwambo atashangaa kuambiwa kwamba dawa zinazoyeyuka katika mafuta hupenya humo bila kufunguliwa mlango. Anayejifunza kwa utando hatashangaa sana.

4.0 Kimeng’enya kinachojenga

Uangavu husifiwa katika karibu kila andiko la istilahi za Kiswahili. “Kimeng’enya” ni mfano unaopendwa: kitenzi “meng’enya”, kiambishi cha ala, na mwanafunzi wa darasa la sita anaelewa mara moja kwamba mate yana kitu kinachovunjavunja wanga. Hadi hapo hakuna ubaya. Ubaya unaanza mwaka wa kwanza wa chuo kikuu. Kimeng’enya ambacho penisilini hukizuia kazi yake ni kuunganisha nyuzi za ukuta wa bakteria, yaani kujenga. Kimeng’enya kinachonakili DNA hujenga. Vile vya ini vinavyoibadili dawa ili itoke mwilini mara nyingi huiongezea kitu badala ya kuikatakata. Sentensi “kimeng’enya hiki hujenga ukuta” ni sahihi kibiolojia na ni mgongano kisemantiki, sawa na kusema kikwezi kinachoteremsha.

Inaweza kujibiwa kwamba maneno huzoeleka, na kwamba hakuna asikiaye chachu katika neno la Kiingereza lililoundwa na Wilhelm Kühne katika karne ya 19 kutokana na Kigiriki. Jibu hilo lina nguvu kwa lugha ambayo mzizi wake umekufa masikioni mwa wasemaji. Mzizi wa kimeng’enya haujafa. “Mmeng’enyo wa chakula” hutajwa kila siku. Mkopo “enzaimu” haufundishi chochote, na kwa sababu hiyo haufundishi uongo. Kiswahili kimekwisha kukubali protini, homoni na vitamini kwa mantiki hiyo. Hapa uangavu umelipiwa bei kubwa, na anayeilipa ni mwanafunzi aliyefika mbali.

Kasoro ya namna hiyohiyo imo katika “kiuavijasumu”. Neno limejifungia katika kuua, ilhali tetrasiklini, kwa kawaida, huzuia bakteria kutengeneza protini na hivyo kuzuia kuongezeka kwao, na kinga ya mwili ndiyo humalizia kazi. Mgonjwa aliyepata nafuu siku ya pili, naye ameambiwa kwamba anakunywa kitu kinachoua, ana haki ya kudhani kwamba waliokusudiwa wameshauawa.

5.0 Kufunga, kufungua, kufungamana

Emil Fischer alitumia kufuli na ufunguo mwaka 1894 kueleza jinsi enzaimu inavyoteua kile inachokitendea kazi. Mwaka 1905 John Newport Langley, akichunguza nikotini na kurari juu ya misuli, alihitimisha kwamba lazima iwepo katika seli dutu inayopokea vitu hivyo viwili. Paul Ehrlich naye, kwa njia yake, alisisitiza kwamba kemikali isiyoshikwa mahali haitendi kazi. Somo la vipokezi likazaliwa katika picha hizi mbili, ya kuingiana na ya kupokea.

Katika Kiingereza ufunguo ni chombo tu, na jina lake halisemi unafanya nini. Katika Kiswahili “ufunguo” umetokana na “fungua”, na “fungua” ni “funga” iliyotenguliwa kwa kiambishi cha utendua. Hivyo ufunguo ni kitu kinachofungua kwa asili ya jina lake. Matokeo yake ni kwamba picha ya Fischer ikitafsiriwa huibua mara moja swali ambalo famakolojia ilichukua nusu karne kuliuliza vizuri: vipi kuhusu ufunguo unaoingia na kukaa sawasawa, lakini haufungui? Propranololi hukaa katika vipokezi vya adrenalini na kuzuia adrenalini isikae hapo. Yenyewe haiamshi kitu. Mwaka 1956 R. P. Stephenson alitenganisha rasmi uwezo wa dawa kushikana na kipokezi na uwezo wake wa kuibua mwitiko baada ya kushikana. Maneno “ufunguo usiofungua” yanaubeba utengano huo kwa nguvu, kwa sababu yanajipinga yenyewe na msikilizaji hulazimika kuuliza unafanya nini basi kufulini.

Lakini kitenzi hikihiki kinaficha mtego. Wakufunzi wanapohitaji kusema kwamba dawa hushikana na kipokezi, mara nyingi hukimbilia “funga”: dawa hufunga kipokezi. Sentensi hiyo ina maana mbili zinazopingana kimatokeo. Ya kwanza ni kwamba dawa imejifunga hapo, na huenda ikakiamsha kipokezi. Ya pili ni kwamba imekifunga, yaani imekizima. Katika maandishi ya utangulizi, ambako tofauti ya agonisti na antagonisti ndiyo kiini cha somo, utata huu haukubaliki. Dawa ya pumu na dawa ya shinikizo la damu zitaelezwa kwa sentensi moja, na ni hatari kwa mwenye pumu kupewa propranololi.

Ufumbuzi haudai neno jipya. Mnyambuliko umeshaufanya. “Fungamana” na “shikamana”, vyenye kiambishi cha kutendamana, hueleza hali ya vitu viwili kukaa pamoja bila kusema nani amemfanyia nini mwenziwe. “Shikana” na “achana” hueleza mwendo wa kwenda na kurudi, ambao ndio hali ya dawa nyingi: molekuli hushikana na kipokezi, huachana nacho, hushikana tena. Mahali pasipo na kuachana, lugha inaweza kusema hivyo waziwazi. Aspirini hukitia kimeng’enya cha chembe sahani alama ya kemikali isiyofutika. Na kwa kuwa chembe sahani haina kiini, haiwezi kuunda kingine. Ndiyo maana kidonge kinachotoweka katika damu baada ya muda mfupi huacha damu ikiwa nzito kuganda kwa siku kadhaa, hadi chembe mpya zizalishwe. Sentensi hii moja inaunganisha famakolojia na biolojia ya seli, na uti wake wa mgongo ni kitenzi “achana” kikiwa katika ukanushi.

“Kipokezi” lenyewe ni neno zuri lililofikia nusu ya safari. Kiambishi ki- na kitenzi “pokea” huleta picha ya kitu kinachongoja kuletewa. Mapokezi huishia mlangoni. Mgeni akishakaribishwa kazi imekwisha. Kipokezi cha seli, kinyume chake, ndipo kinapoanza kazi. Adrenalini ikishikamana nacho juu ya utando, protini iliyo upande wa ndani huamshwa, nayo huamsha enzaimu, nayo huzalisha molekuli nyingi ndogo ambazo Earl Sutherland, mshindi wa Tuzo ya Nobel mwaka 1971, alizitambua kuwa mjumbe wa pili. Adrenalini haikuingia ndani hata mara moja. Orodha za istilahi hutafuta nomino ya mlolongo huu na kupata vifungu virefu kama “ubadilishaji wa ishara”. Wakati huohuo mzizi uleule wa kipokezi una “pokezana”, kitenzi ambacho kila mwanafunzi amekisikia katika mbio za kupokezana vijiti. “Mpokezano wa ishara” ungesema kwamba kila hatua hupokea na kukabidhi, na ungelirudisha neno kipokezi mahali pake kama mkimbiaji wa kwanza. Kasoro yake ni moja: katika mbio kijiti ni kimoja, ilhali ndani ya seli ishara hukuzwa kila inapokabidhiwa.

6.0 Dozi, kutwa, saa

Wanaistilahi wameshughulikia kidogo sana lugha ya wakati katika utoaji wa dawa, labda kwa sababu haina maneno magumu. Ndipo penye hatari kubwa kuliko penginepo.

“Dozi” ilipoingia Kiswahili ilibadilisha maana. Katika famakolojia dozi ni kiasi kinachotumiwa kwa mara moja. Katika Kiswahili cha kawaida ni tiba yote, kama isikikavyo katika wito wa “maliza dozi”. Vidonge vyote vya siku tatu ni dozi moja. Mhadhiri anayechora mchoro wa dozi na mwitiko anazungumza na darasa ambalo sikio lake la nyumbani husikia kitu kingine. Wapo wanaotumia “kipimo” kwa maana ya kitaalamu, lakini mgonjwa aliyetumwa maabara anajua kwamba vipimo ni vya damu na mkojo.

Juu ya bahasha ya dawa huandikwa “kutwa mara tatu”. Kutwa, kwa asili, ni muda wa mchana hadi jua litue. Ndiyo maana shule ya kutwa hutofautishwa na ya bweni, na anayetaka kutaja siku nzima pamoja na usiku husema “kutwa kucha”. Mgonjwa anayemeza asubuhi, mchana na jioni, kisha akalala hadi alfajiri, ameifuata bahasha herufi kwa herufi. Amoksilini hudumu katika damu muda mfupi. Kiasi chake hupungua kwa nusu takribani kila saa moja, na nguvu yake dhidi ya bakteria hutegemea muda ambao kiwango chake kinabaki juu ya kile kinachohitajika. Vidonge vitatu vilivyorundikwa katika saa kumi za mchana huacha pengo refu usiku.

Jaribio la kusahihisha kwa kusema “kila saa nane” hugongana na saa ya Kiswahili. Saa nane ni jina la wakati, mchana au usiku wa manane, kabla ya kuwa jina la muda. Dawa ya malaria ya artemeta na lumefantrini huonesha tatizo hilo waziwazi: dozi ya pili hutolewa saa nane baada ya ile ya kwanza, na zinazofuata asubuhi na jioni kwa siku mbili. Mgonjwa aliyeanza saa kumi jioni anapaswa kumeza tena saa sita usiku. Akiambiwa “unywe tena saa nane” atasubiri saa nane. Ni hapa ambapo kosa linalokaripiwa na kila mwalimu wa Kiswahili, “masaa”, linadai kusikilizwa upya. Sarufi sanifu haina wingi huo. Lakini wasemaji wengi wanaousema hawausemi ovyo: “saa nane” kwao ni wakati, “masaa nane” ni muda. Wamejaza pengo ambalo usanifu umeliacha wazi. Kuikataa tofauti hiyo katika insha ya mtihani ni jambo la ladha. Kuikataa katika lebo ya dawa ni uamuzi mwingine kabisa.

7.0 Mseto na sugu

Dawa hiyohiyo ya malaria imepata jina ambalo halikusubiri orodha: “dawa mseto”. Mseto ni chakula cha mchele na choroko, ni kilimo cha mazao mawili shambani, ni serikali ya vyama viwili. Kila mtu huelewa kwamba ndani ya kidonge mna zaidi ya kimoja. Kinachopotea ni sababu ya kuvichanganya. Katika sufuria ya mseto uzuri ni kwamba vyote huiva pamoja. Katika dawa mseto uzuri ni kwamba haviendi pamoja. Artemeta hupunguza vimelea kwa kasi na kutoweka ndani ya saa chache; lumefantrini hubaki kwa siku kadhaa kuwamaliza waliosalia. Hata hivyo jina limeshika, na limesaidia mabadiliko makubwa ya tiba kueleweka baada ya klorokwini kuachwa mwaka 2001 nchini Tanzania na dawa iliyoirithi nayo kuchoka ndani ya miaka michache.

Klorokwini iliachwa kwa sababu ya usugu, na neno hili ndilo lenye mzigo mzito kuliko yote yaliyotajwa. “Sugu” ni ngozi iliyokomaa kwa kusuguliwa: kiganja cha mkulima, goti la anayesali. Ngozi ileile iliyokuwa laini imekuwa ngumu kwa kuzoea. Sitiari hii inaeleza usugu kama mabadiliko ya kiumbe mmoja aliyekutana na dawa mara nyingi. Biolojia inasema vingine. Vimelea vilivyobeba mabadiliko ya jeni inayosimamia utoaji wa klorokwini katika kijifuko chao cha kumeng’enyea himoglobini vilisalimika, vingine vilikufa, waliosalimika wakazaa. Hakuna kimelea kilichokomaa kwa mazoea. Kinachobadilika ni jamii ya vimelea, si mmoja wao, na wazo hilo la uteuzi asilia halimo kabisa katika kiganja cha mkulima.

Kutoka hapo si mbali kufika katika kauli isikikayo kila mahali kwamba “mwili wangu umeizoea dawa”. Kauli hiyo ni sahihi kwa mofini, ambayo mwili huizoea kweli na kudai kiasi kikubwa zaidi. Kwa malaria na kifua kikuu si sahihi, na madhara yake ni ya kijamii: anayeamini kwamba sugu iko mwilini mwake haoni kwamba anaweza kumwambukiza jirani kimelea ambacho ni sugu tayari, hata kama jirani huyo hajawahi kumeza dawa. Kampeni za afya zimelitambua tatizo na kupendelea kifungu kirefu, “usugu wa vimelea dhidi ya dawa”, ambacho angalau kinamtaja mwenye sugu. Watu hukikata na kubakiza “usugu wa dawa”, na kihusishi kinahamisha sugu kutoka kwa kimelea kwenda kwa dawa yenyewe.

Utata wa mwisho unahusu kivumishi. “Ugonjwa sugu” ni ule usiopona upesi, kama kisukari na shinikizo la damu, ambao mtu huishi nao kwa miaka akimeza vidonge vinavyofanya kazi vizuri kabisa. “Kifua kikuu sugu” ni kile ambacho dawa za kawaida zimekishindwa, nacho hutibika kwa dawa nyingine. Mgonjwa anayepokea majibu yenye maneno hayo mawili huweza kurudi nyumbani akiamini kwamba amepewa ugonjwa wa kuishi nao, na kuacha kurudi kliniki kuanza tiba ambayo ingemponya.